Mtani wa Albano

Utani wa Yuliana sikuupenda tangu mwanzo, na nilimwambia. Sikumwambia kwa upole, maana upole sikuzaliwa nao. Nilimwambia mbele ya kabati la dawa, sote wawili tukikunja bendeji: "Yuliana, hapa ni wadini, si kilabuni. Mzaha mzaha hutumbua usaha." Akacheka mpaka bendeji ikamponyoka. "Demetria," akasema, "nyie Wahaya mnajua kujisifu tu. Utani mtaujulia wapi?" Nikamwacha. Mtu mzima huwezi kumshika mkono kutwa nzima asiguse moto.

Ilikuwa mwaka ule aliovikwa taji Malkia wa Mwingereza, nasi tulikuwa manesi katika hospitali ndogo ya pembezoni mwa Temeke, ambayo watu waliiita Mabati. Paa lilikuwa la bati, kuta nusu zilikuwa za bati, na mchana wa jua kali mgonjwa wa homa na nesi wake walitoka jasho sawasawa. Tulikuwa na wadi ya wanaume, wadi ya wanawake, chumba cha kuzalishia, na uwanja wa nyuma ambako jamaa za wagonjwa walipika. Hospitali ilitoa dawa na kitanda. Chakula kila mtu na chake. Daktari Mzungu alikuja mara moja kwa wiki akitokea mjini. Siku nyingine zote mkubwa wetu alikuwa Adelard, mganga msaidizi, mtu mwema ambaye kazi ilikuwa imemzidi.

Yuliana alikuwa Mhehe wa Iringa, mfupi, mwenye mikono ya haraka. Sindano yake haikuuma, na wagonjwa walimgombania. Mimi walinivumilia.

Kwa asiyejua, Mhehe na Mngoni ni watani. Babu zao walipigana vita, wakachinjana mpaka wakachoka, na walipochoka wakapatana kwa namna ya ajabu: kwamba tangu hapo watatukanana bila kukasirikiana. Mhehe anaweza kuingia nyumbani kwa Mngoni asiyemjua hata jina, akafunua sufuria, akala, akaondoka na kuku, na mwenye nyumba akabaki anacheka. Na Mngoni akifa, Mhehe ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa. Humwiga marehemu, humsimanga, huingia kaburini akalala akigoma kutoka mpaka apewe chake. Bila mtani, wanasema, maiti hulala vibaya na walio hai hubaki na kilio tumboni. Mimi wakati ule niliuita ushenzi. Leo sijui niuite nini.

Basi akaletwa Albano.

Alikuwa Mngoni, kijana mrefu mwenye mdomo usiopumzika, seremala wa vitanda na makabati katika karakana ya Mhindi mmoja kule Chang'ombe. Patasi ilimteleza ikamwingia mguuni, juu ya vidole. Wenzake walimziba jeraha kwa utando wa buibui na udongo wa chini ya meza ya kazi, wakamfunga kitambaa. Damu ikakata, na kila mtu akaona kazi imekwisha. Alipofikishwa kwetu mguu ulikuwa umeumuka kama andazi, na harufu yake ilitangulia mlangoni.

Aliyemleta ni mama yake, Margareta, aliyekuwa amesafiri kwa lori kutoka Songea kuja kumshawishi mwanawe aoe. Mwanamke mkavu, mwenye rozari shingoni na kitenge kilichofuliwa mpaka kikapoteza rangi. Aliketi kwenye benchi letu akatueleza habari zake kabla hatujamuuliza. Amezaa watoto wengi. Wengine aliwazika wangali wachanga, mmoja alikwenda vita vya Burma hakurudi, na mume wake naye keshatangulia. "Nimebakiwa na huyu," akasema, akimwonyesha Albano kwa kidevu. "Huyu akiondoka, mie sina wa kunizika."

Kisha akatuuliza makabila. Nilipomwambia mimi Mhaya, akaitikia "Aa," kama mtu aliyeonyeshwa kitambaa asichokusudia kununua. Yuliana alipotaja lake, yule mama aliinuka kwenye benchi, akamshika mikono yote miwili.

"Mla mbwa! Ee Mungu mkubwa! Basi huyu si wangu tena, ni wako. Akipona wako, akifa wako."

"Mbwa wenyewe mmetumalizia nyie Wangoni," Yuliana akajibu, na wote watatu wakacheka, hata Albano na mguu wake. Lakini yule mama hakumwachia mikono. Kicheko kilikwisha, akabaki anamtazama usoni, na Yuliana akaona hilo ni ombi. Akasema taratibu, "Atapona, mama. Nakuahidi."

Nesi haahidi. Tulifundishwa hivyo kabla hatujafundishwa hata kutandika kitanda. Lakini nani angeweza kumtazama mama yule akamwambia tutajitahidi?

Adelard alilisafisha jeraha, akatoa uchafu mwingi, akaagiza penisilini. Akasema pia apigwe sindano ya kinga ya pepopunda, maana udongo ukiingia jerahani huleta mdudu wake. Tukafungua kabati: chupa zilikuwa zimekwisha. Adelard akatuma habari mjini, ikajibiwa kuwa dawa inakuja. Tukangoja. Mguu ukaanza kupungua, harufu ikakata, mgonjwa akawa anakula na kupiga soga, nasi tukaacha kuulizia. Mwenye njaa humlilia mpishi, aliyeshiba humsahau.

Na utani wao ukashika kasi. Kila asubuhi Albano alikuwa na jambo jipya. Siku moja Yuliana alimkuta amejifunika shuka gubigubi, mikono kifuani. "Nimekufa tangu alfajiri," akasema kutoka ndani ya shuka. "Wewe Mhehe ulikuwa wapi? Nililie." Yuliana akachukua bendeji, akampima urefu toka kichwa hadi vidole, akatangaza kwamba sanduku la urefu huo halipatikani, itabidi akatwe miguu, na aanze na ule mbovu. Wadi nzima ikacheka, na mzee mmoja wa Kizaramo aliyekuwa hajala tangu aletwe akaomba uji. Nasema kweli daima, hata isiponipendeza: wagonjwa wa wadi ile walikuwa wanapona haraka kuliko wangu wa wadi ya wanawake.

Mchezo alioupenda Albano kuliko yote ulikuwa wa kipimajoto. Akiletewa, anabana meno. Yuliana anabembeleza, anatisha, anamfinya pua ili mdomo ufunguke. Albano anamkodolea macho tu, meno yote nje, mpaka achoke mwenyewe. "Sitanii," alikuwa akisema mwishoni, huku anacheka. "Leo sifungui, sitanii."

Kisha ikaja asubuhi moja, na yaliyotokea sikuyaona; nilikuwa na mzazi aliyenisumbua tangu kunakucha. Niliyasikia baadaye kwa Yuliana na kwa wagonjwa waliokuwapo, na wote waliyasema namna moja.

Yuliana alimkuta Albano ameegemea ukuta, shingo imenyooka, meno nje. Akamwambia afungue kinywa. Hakufungua. Akamsogezea kipimajoto midomoni. Meno yakabaki yamebana. Na uso ulikuwa unacheka. Midomo imevutika huku na huku mpaka mashavuni, nyusi zimepanda juu, uso wa mtu anayejizuia asipasuke.

"Haya tena!" Yuliana akasema, wadi yote isikie. "Mngoni kaanza mapema leo."

"Yuliana," Albano akasema, sauti ikipenya kwenye meno. "Leo sitanii."

"Hata mie sitanii. Fungua mdomo, ama nitakupima kwa nyuma."

Wadi ikaangua kicheko. Yule mzee wa Kizaramo alicheka mpaka akakohoa. Albano akanyoosha mkono, akamshika Yuliana aproni, akaivuta. Yuliana akampiga kofi mkononi. "Niachie! Mchumba wako yuko makaburini, si hapa." Akaenda kitanda cha pili.

Akaingia mama yake na uji. "Mgonjwa haulizwi uji," akasema, akamtia kijiko mdomoni. Uji ukagonga meno, ukarudi, ukateremka kidevuni hadi kifuani. Mama akamtazama mwanawe, akaona uso ule uliokuwa unacheka, akamgeukia Yuliana. "Unaona mambo yake? Leo na mie mama yake kaniweka kwenye utani." Akacheka. Akamfuta kifua kwa ncha ya kitenge, akafunika kibakuli, akamwambia akichoka kucheza atakula. Akatoka kwenda kufua shuka.

Pepopunda huanzia tayani. Taya hukaza, kisha midomo huvutwa pembeni, meno hujitokeza na nyusi hupanda, na mgonjwa akaonekana anacheka ilhali yuko katika mateso makubwa. Tulifundishwa hivyo chuoni, mimi na Yuliana, dawati moja. Tuliandika, tukaulizwa kwenye mtihani, tukapata. Asingekuwa mtani wake angelijua mara moja. Angekuja mgonjwa mwingine yeyote, Mmakonde, Msukuma, Mhindi, na uso ule, Yuliana angepiga ukelele kabla ya kuweka chini kipimajoto.

Jua lilikuwa limeshageuka nilipoingia wadi ya wanaume kuazima beseni. Mgonjwa mmoja akaangusha kopo la bati sakafuni. Kwa mlio ule Albano alipinda kinyume, mgongo ukainuka kitandani, akabaki amesimamia kisogo na visigino, na uso wake ukazidi kucheka. Wagonjwa wawili wakapiga makofi. "Hapo kaweza!" mmoja akasema.

Mimi nilitazama macho. Macho hayakuwa yanacheka. Machozi yalikuwa yanamtiririka yakiingia masikioni, na shuka lilikuwa limelowa jasho.

"Yuliana!" nikapiga kelele, kosa jingine, maana kelele ilimpinda tena. Yuliana akaja mbio na beseni la dawa, bado ana tabasamu usoni. Akaweka kiganja tayani mwa Albano. Tabasamu likamtoka, na hakuwahi kulirudisha usoni kwa namna ile.

Tuliyafanya yote yanayofanywa. Tulimhamishia chumba cha pembeni, tukaziba dirisha kwa mablanketi, tukavua viatu ili tusimstue. Adelard alimpandisha baiskeli mtu kwenda kupiga simu, na dawa iliyongojwa muda wote ule ikaja kwa gari kesho yake asubuhi, upesi kabisa, ikampata mtu ambaye haikuweza kumsaidia. Mama Margareta tulimzuia mlangoni, kwani hata sauti ya rozari yake ilimkaza mwanawe. Yuliana hakutoka mle chumbani. Alimpangusa jasho, akamlainisha midomo kwa pamba iliyochovywa maji, akimnong'oneza mambo ambayo sikuyasikia. Albano hakupoteza fahamu; huo ndio ukatili wa ugonjwa ule. Alikufa adhuhuri.

Uso haukulegea. Tuliukanda kwa vitambaa vya maji moto, tukamfunga kitambaa chini ya kidevu, lakini midomo ilibaki pale pale ilipovutwa. Tukamwita mama yake. Aliingia, akasimama, akamtazama muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kumdaka asianguke. Hakuanguka.

"Anacheka," akasema. "Tazameni. Mwanangu kafa anacheka."

Akamgeukia Yuliana, akamwinamia kidogo, kama anavyoinamiwa mtu aliyekutendea hisani.

Adelard alimweleza yule mama kuhusu mdudu wa udongoni, naye akaitikia kila neno, lakini niliona kwamba hakulichukua hata moja. Kisha akaja kwetu, kwenye chumba cha dawa. Akamwambia Yuliana, "Pepopunda la namna hii linaua hata ukiligundua mapema. Huenda..." Akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa, akaenda zake. Mimi nami sijui. Nimehudumia wagonjwa maisha yangu yote na sijui. Huenda asubuhi ile isingebadili kitu, huenda ingebadili kila kitu, na hakuna wa kutuambia.

"Lazima nimwambie mama yake," Yuliana akasema.

"Umwambie nini?"

"Kwamba aliniambia hatanii. Kwamba alinishika nguo nikampiga. Nilimwahidi yule mama, Demetria."

"Na ukishamwambia, mtoto atafufuka?" nikamuuliza. "Yule mama ana kitu kimoja tu cha kushika, kwamba mwanawe alikufa anacheka. Wewe unataka umnyang'anye, ili utue mzigo wako umtwike yeye. Na kazi utafukuzwa. Nyamaza, ulie ndani." Nilimwambia hivyo, na leo ningemwambia vilevile.

"Nataka anitukane," akasema. "Matusi ya kweli. Anipige akitaka. Ila ajue."

Asubuhi iliyofuata akaja Fransis, ndugu wa baba yake Albano, mchukuzi wa bandarini, mtu mnene mwenye sauti ya chini. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. "Mama kasema mwanawe hazikwi mpaka Mhehe wake aje."

Nikamwambia Wahehe wamejaa mjini, waende polisi na kwenye mashamba ya katani, watawapata wa kutosha. Na joto lile maiti haingoji.

"Wapo," Fransis akasema. "Lakini mama anamtaka huyu. Kasema huyu ndiye aliyecheka na mwanawe mpaka mwisho."

Yuliana alikuwa keshavua aproni. Nikaomba ruhusa kwa Adelard, nikafuatana naye. Sikwenda kwa ajili ya utani wao. Nilikwenda kwa sababu niliogopa atakachosema, nikadhani nitaweza kumkanyaga mguu akianza. Njia nzima alikuwa anatembea midomo ikimchezacheza, kama mtoto anayekariri sala ya komunyo ya kwanza.

Nyumba ilikuwa mtaa wa nyuma ya karakana. Kufika tu uwanjani, wanawake waliokaa mikekani wakamwona, na mmoja akaruka na kopo la majivu. "Mla mbwa kaja! Kaja kufuata nyama!" Majivu yakammwagikia Yuliana kichwani na mabegani. Vigelegele. Yeye hakujipangusa. Alipita katikati yao mpaka alipoketi Mama Margareta, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Nina neno nataka kukwambia."

"Marahaba, mwuaji wangu," yule mama akasema, na wanawake wakacheka kwa kusikia utani unafunguliwa. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. "Umechelewa. Ulikuwa unamtafuta mbwa wa njiani?"

"Mama, neno langu ni la kweli. Naomba twende pembeni."

"Pembeni kuna nini? Mtani hana siri. Neno lako utalisema kaburini, ndiko kazi yako iliko." Akamwekea mkono kichwani, juu ya yale majivu. "Useme vizuri. Mie sijaweza hata kumeza mate."

Kaburi lilikuwa limechimbwa kwenye udongo wa mchanga, na walioshika majembe walikuwa Wangoni wa karakana na wa bandarini. Padri alisoma sala, akanyunyiza maji ya baraka, akafunga kitabu na kupanda pikipiki yake haraka. Alijua kinachofuata, naye hakutaka kukiona wala kukikataza. Sanduku lilikuwa pembeni, juu ya magogo mawili, la mninga, limepigwa randa vizuri. Wenzake Albano walikesha wakilitengeneza.

"Haya, mtani," Fransis akasema.

Yuliana akavua viatu vyake vyeupe, akaviweka kando, akakaa ukingoni, akateremka. Kaburi lilimmeza hadi kifuani. Watu wakasogea. Mimi nilijipenyeza nikafika karibu, lakini mguu wa kumkanyaga haukuwa karibu tena.

"Mie ndiye niliyemwua Albano," akasema.

Kicheko kililipuka pande zote. Kilikuwa kicheko cha watu waliobana pumzi tangu jana, kimepata tundu. "Tunajua!" mmoja akaitikia. "Mhehe ndiyo kazi yake!"

"Hapana, nisikilizeni. Asubuhi nilimkuta taya limekaza. Ilikuwa ni ugonjwa, mie nikadhani ananitania. Nikamcheka."

"Ukamcheka!" wakaitikia kwa pamoja, wakipiga makofi kama kwenye ngoma.

"Alinishika nguo nimsaidie. Nikampiga mkono."

"Ukampiga!"

"Nilikuwa nimesoma ugonjwa ule. Niliujua. Niliuona kwa macho yangu nikapita kwenda kitanda cha pili."

Bibi mmoja mzee akajishika mbavu. "Mzikeni naye humo humo! Mfukieni!" Vijana wakachota udongo viganjani, wakamrushia kidogokidogo, wakichekelea. Udongo ukamwangukia juu ya majivu. Yuliana akamtafuta Mama Margareta kwa macho, akamwona amesimama ukingoni, na kuanzia hapo alisema naye peke yake.

"Mama, nilikuahidi. Angeweza kupona. Labda angeweza kupona, mama, na mie nilikuwa nacheka. Nitukane. Nakuomba unitukane." Akaanza kulia, kilio cha kweli, kamasi na machozi, kifua kikipanda na kushuka. "Haki ya Mungu, sitanii!"

Hapo ndipo walipokwisha kabisa. Watu walishikana mabega. Fransis, mtu mnene vile, alichuchumaa chini akipiga ardhi kwa kiganja. "Anamwiga!" akasema, akitafuta pumzi. "Jamani, ndiye Albano mtupu! Ndivyo alivyokuwa!" Na kadiri Yuliana alivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kucheka, kwa sababu mtani anayelia namna ile kwao ndiye mtani hodari, na walikuwa hawajamwona hodari kama huyo tangu waje mjini.

Mama Margareta alicheka kuliko wote. Kilianza kama kikohozi, kisha kikamshika mwili mzima, akacheka mdomo wazi, machozi yakimtoka, rozari ikimrukaruka kifuani. Alipotulia, mapafu yake yalivuta pumzi ndefu. Akainama ukingoni, akampa Yuliana mkono, na wanaume wawili wakasaidia kumvuta juu. Akampangusa udongo magotini na mabegani, kwa subira, kila upande.

"Asante, mwanangu," akamwambia. "Nilidhani mie sitacheka tena."

Fransis akaleta kuku, haki ya mtani, kafungwa miguu, akamkabidhi. Yuliana akampokea. Walikuwa tayari wanaliteremsha sanduku, na wanawake wameanza wimbo. Alisimama na kuku wake kifuani, akanitazama mimi, mtu mmoja tu pale aliyejua alichokuwa anasema. Niliinama nikamwokotea viatu vyake.